Habari za Paa

Iko nchi moja mbali sana, mbali kiasi kwamba ukitaka kufika huna haja ya kuondoka hapo ulipo. Jina lake nalijua, ila nimelisahau kwa hiari yangu, na wewe ukilikumbuka usinitaje. Ni nchi njema. Watu wake wana adabu, hata nzi akiingia kikombeni hukaribishwa kwanza ndipo atolewe. Na serikali yake inawapenda watu hao mno, hushindwa kabisa kukaa mbali nao kila uchaguzi unapokaribia.

Katika nchi hiyo kuna wilaya inaitwa Subira, na ndani ya Subira kuna kijiji kinaitwa Subirini, ambako mimi, Bi Sikudhani, nazeekea. Sisi wa Subirini ni Walungwi. Tuna mto, tuna zahanati yenye dawa ya macho, na tuna shule ya msingi.

Shule hiyo ilikuwa na paa. Masika iliyopita upepo uliingia darasani bila kupiga hodi, ukaondoka nalo. Tuliliona kwa macho yetu likipita juu ya zahanati kuelekea kaskazini, limetulia kabisa, kama mtumishi aliyepata uhamisho alioutaka mwenyewe.

Wizara ikasikitika. Na katika nchi ile wizara haiwezi kusikitika bila kuunda mpango, basi ukaundwa Mpango wa Paa Juu, Elimu Juu. Ulizinduliwa mjini kwa keki yenye umbo la bati. Sisi tukaletewa kibao kikubwa chenye picha ya Waziri akitazama mbinguni, kikasimikwa mbele ya shule. Watoto wakawa wanakaa nyuma ya kibao hicho kukimbia jua, jua likihama nao wanahama, kwa hiyo anayesema mpango haukuwa na faida ni mchochezi.

Na mabati nayo yalikuja, nisije nikasema uongo uzeeni. Mazuri, ya buluu, kila moja limepigwa mhuri wa mpango. Yalipokelewa na Afisa Elimu wa Wilaya, Mheshimiwa Hilarius Chamgeni, ambaye ni mtoto wetu wa hapahapa Subirini na nyumba yake inatazamana na shule. Mheshimiwa akatueleza kwamba taratibu hazijakamilika, na mpaka zikamilike mabati lazima yatunzwe yasilowe. Akayatunza kwa kuyapigilia misumari juu ya banda la gari lake. Yaliyobaki akayapigilia juu ya banda la gari ambalo bado hajalinunua.

Nilimuuliza, "Mwanangu, huko juu si yatalowa?"

"Bibi," akaniambia, "yanalowa upande mmoja tu."

Nikarudi nyumbani nimeelimika.

Aliyeshindwa kuelimika ni Mwalimu Mkuu, Mwalimu Semkiwa, mtu mwembamba kama fimbo ya kuonyeshea ubaoni. Alikuwa na barua mfukoni, kila akikutana na mtu anaitoa anaisoma upya, labda anatumaini maneno yatakuwa yamebadilika. Barua ilisema masika ijayo ikianza kabla paa halijapatikana, shule ifungwe, na watoto wahamie shule ya Ng'ambo. Ng'ambo maana yake ni ng'ambo ya mto. Mto wenyewe kila masika hudai mbuzi wawili watatu, na mwaka juzi ulimdai mwalimu wa hesabu, ukamtema chini huko akiwa hana suruali, na mpaka leo hataki kufundisha kutoa.

"Mimi sitavusha watoto wa watu mto ule, Bibi," alikuwa akisema. "Kwanza wanifukuze kazi."

*

Basi wizara ikataka kujua kama mpango umefaulu. Hapo ndipo ilipokuja tathmini.

Maswali ya tathmini yalitungwa na wataalamu waliofungiwa kwenye hoteli ya ufukweni mwa ziwa mpaka walipoafikiana. Nasikia walibishana sana, hasa juu ya samaki wa mchana. Mwisho wakakubaliana kwamba maswali yaheshimu mila za wananchi, mwananchi asiulizwe ghafla kama mtuhumiwa. Kwa hiyo kila swali lianze na salamu: Habari za paa? Habari za madarasa? Habari za madawati?

Maswali hayo yakatiwa ndani ya kishikwambi, kile kidude bapa cha kisasa kama ubao wa kukatia vitunguu. Kishikwambi kinauliza chenyewe, kinasikiliza chenyewe, kinachukua neno la kwanza, kinashukuru, kinakwenda swali la pili. Wataalamu walikuwa wamegundua kwamba mwananchi akiachiwa neno la pili anaharibu takwimu.

Aliyekibeba kishikwambi kuja kwetu alikuwa kijana mmoja wa miwani, Gaudensi Mfinula, mpole, mwenye begi mgongoni na vumbi mpaka kwenye nyusi. Akamkuta Mwalimu Semkiwa amesimama katikati ya darasa, jua la saa sita likimpiga utosini, watoto wamejibana nyuma ya kibao.

Kishikwambi kikasema kwa sauti ya dada wa mjini, "Habari za paa?"

"Nzuri," akasema Mwalimu, "ila..."

"Asante," kikasema kishikwambi. "Habari za madarasa?"

"Salama, isipokuwa..."

"Asante. Habari za mvua darasani?"

"Njema, lakini ndugu yangu..."

"Asante."

Msimcheke. Sisi ndivyo tulivyolelewa. Ukiulizwa habari unajibu nzuri kwanza, mengine yanafuata nyuma taratibu kama mizigo. Mtu umemkuta nyumba yake inaungua unamuuliza, "Habari za moto?" anakujibu, "Nzuri, umekula godoro tu." Mtoto akijibu "mbaya" anapigwa kofi, na anayempiga si lazima awe mzazi wake, yeyote aliye karibu anasaidia.

Gaudensi mwenyewe aliona paa halipo. Alilitazama lisivyokuwepo, akavua miwani, akaifuta, akalitazama tena.

"Mwalimu," akasema, "si uanze na ubaya, halafu wema ufuate?"

"Nitaanzaje na ubaya wakati umenisalimia vizuri?"

"Na wewe huwezi kuandika unachokiona?" nikamuuliza kijana.

"Bibi, mimi ni mkusanyaji tu. Kuona kuna idara yake."

Jioni ile tulikaa uani kwangu kufanya mazoezi. Nikawapanga kina mama mstari, nikawa nawauliza habari za paa na wao wajitahidi kusema mbaya. Walitoka jasho. Mmoja alifumba macho, akakaza ngumi, akasema "mbaya" kwa sauti, na kabla ya kulala wakwe zake walishatuma mtu kuuliza nani amefariki na maziko ni lini. Mwalimu Semkiwa mdomo wake ulisema nzuri huku machozi yanamtoka. Nikavunja darasa.

Majibu ya tathmini yakatoka. Shule ya Subirini ilikuwa ya kwanza wilaya nzima kwa ubora wa paa. Iliwashinda hata wenye mapaa, kwa maana mapaa yao yanavuja na letu hakuna aliyeliona likivuja. Mwalimu akatumiwa barua ya pongezi, na chini yake mstari mdogo: kwa kuwa mpango umefaulu, mpango unafungwa.

Sasa akawa na barua mbili za kusoma.

*

Gaudensi akarudi. Safari hii ilikuwa ni uhakiki, yaani kuuliza maswali yaleyale kwa watu walewale ili kuhakikisha hawajapata akili katikati. Alifika ana njaa, nikamwandalia ugali na mlenda.

Nikawa namtazama akila. Mlenda wote kwanza, tonge hajagusa, halafu ndio akauvaa ugali mkavu peke yake. Nikaweka kata chini.

"Mjukuu wangu, kwenu ni wapi?"

"Usefu, Bibi. Kule milimani."

"Nilijua. Ni Msefu tu anayekula mboga kama anakimbizwa na mwenye nayo."

Akaniangalia. Akameza. Akasema, "Na ni Mlungwi tu anayempikia mgeni mboga ya kunusa."

Nilifurahi nikajipiga paja. Maana Walungwi na Wasefu ni watani. Babu zetu walipigana vita virefu, sababu hakuna anayeikumbuka, walipochoka wakakubaliana kwamba tangu siku hiyo watapigana kwa mdomo tu. Mtani unamwambia lolote. Unamtukana yeye, babu yake na baiskeli ya babu yake, na anayekasirika ndiye aliyeshindwa, atachekwa mpaka kwa wajukuu. Na mtani, sikilizeni vizuri, mtani hajibiwi nzuri. Ukimjibu nzuri atadhani unaumwa.

"Mwalimu Semkiwa," nikaita juu ya ua, "njoo mbio. Tumeletewa Msefu."

Habari zikaenea. Watu wakaja wengine hawajanawa mikono. Wakajipanga mbele ya kijana, wamechangamka kama wanakwenda kupokea mbegu za bure.

"Habari za paa?" kikauliza kishikwambi.

"Nyani wewe," akasema Mwalimu Semkiwa, na uso wake wote ukafunguka, "paa lipo wapi, au umelificha nyuma ya hayo masikio? Mabati yetu yako pale juu ya gari la mkubwa wenu, huyaoni na miwani yote hiyo?"

"Asante," kikasema kishikwambi.

"Habari za madarasa?"

"Nyani mla mizizi, madarasa yana shimo juu kama mdomo wa mama mkwe wako."

"Asante."

Mpaka jua linazama ukweli wote ulikuwa umesemwa, tena kwa ufasaha. Gaudensi alicheka mpaka miwani ikadondoka. Sisi tukalala usingizi wa watu waliotua mzigo. Hakuna aliyekumbuka kwamba kile kidude kinachukua neno la kwanza tu, na sisi Walungwi mtani wetu humwita nyani kwanza, mengine ndiyo yanafuata.

Takwimu zikafika makao makuu. Hali ya paa, Subirini: nyani. Hali ya madarasa: nyani. Hali ya madawati: nyani, isipokuwa mwananchi mmoja aliyesema ngedere.

Waziri akaita waandishi wa habari. Tulimsikia redioni.

"Ndugu wananchi," akasema, "kwa miaka mingi tumejiuliza adui wa elimu ni nani. Utafiti umetuonyesha. Adui huyo ana mkia. Serikali haitalala. Kama ataruka mti huu, tutakuwa tunamsubiri mti wa pili."

Hapo hapo ukaundwa Mpango wa Nyani Chini, Elimu Juu. Akaletwa mtaalamu wa nyani. Alizunguka kijiji kizima asione hata unyoya wa nyani, kwa sababu nyani kwetu hakuna, akaandika kwamba nyani wa Subirini ni wajanja kuliko ilivyotarajiwa. Na sisi tukaletewa kibao cha pili, Waziri safari hii ananyooshea kidole mti. Kwa haki ya Mungu lazima niseme, kibao hicho kiliwapa kivuli darasa la nne, ambao mwanzo walikuwa wanaungua.

*

Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa mto. Mwalimu Semkiwa akaja kwangu, akakaa kwenye kinu kilicholala bila kukaribishwa, jambo ambalo si kawaida yake.

"Nimeanza kufunga chaki kwenye boksi, Bibi."

"Habari za..." nikaanza, nikajizuia. "Kaa hivyohivyo. Hebu niambie, paa letu limeondoka lini?"

"Masika iliyopita. Unajua."

"Na tulililia?"

"Kulilia nini?"

"Paa, Mwalimu. Limetusitiri tangu wewe unajifunza kusoma. Limeondoka bila kuaga, na sisi hatujaweka hata turubai. Unadhani hiyo ni adabu?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayehesabu miaka yangu. Nikamweleza taratibu. Kwetu msiba ukitokea watani ndio wenye siku. Wanalia kilio cha uongo, wanamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, wanalala kaburini wakatae kutoka. Na wana haki moja ambayo hata mahakama haiigusi: mali ya mfiwa mkuu wakiipenda wanachukua. Kuku, jembe, kitanda, chochote. Mfiwa kazi yake ni kucheka.

Mwalimu Semkiwa akainuka polepole kutoka kwenye kinu.

"Bibi Sikudhani," akasema, "wewe uliishia darasa la ngapi?"

"Lile ambalo paa lilikuwepo. Nenda kachimbe kaburi."

Nikampigia simu Gaudensi. Alikuwa amenuna, ripoti yake ya paa imegeuka ya nyani na wenzake kazini wanamrushia ndizi.

"Mtani," nikamwambia, "tumefiwa. Njoo na wenzio wa milimani, wale wenye mikono, si wenye miwani."

"Tuje na vichekesho gani, Bibi?"

"Vichekesho tunavyo. Njooni na ngazi."

*

Mwili wa marehemu haukupatikana wote. Kilichobaki ni msumari mmoja wenye kutu, tukauvisha kitambaa cheupe, tukaulaza kwenye mkeka. Hatukumwita shehe wala padre, maana dini ya paa haikufahamika. Turubai likafungwa, vipaza sauti vikawekwa. Na palipo na kipaza sauti kiongozi hakosekani. Mheshimiwa Chamgeni alifika akiwa na suti nyeusi na leso kubwa, akalia kidogo langoni ili walioko nyuma nao waone.

Mimi ndiye niliyeshika shughuli.

"Jamani," nikasema, "tunaanza na salamu za mfiwa mkuu. Wengine wanasema mfiwa mkuu ni Mwalimu Semkiwa, kwa vile ndiye aliyekaa na marehemu kwa karibu zaidi..."

Sikumaliza. Mheshimiwa alikuwa ameshainuka, kipaza sauti ameshanipokonya.

"Ndugu waombolezaji," akasema. "Nimesikitika kusikia majina mengine yakitajwa. Paa hili ni nani aliyelijua kama mimi? Nani alilisoma? Nani alilifanyia vikao? Kama kuna aliyefiwa hapa, ni mimi. Mimi ndiye mfiwa namba moja, ngazi ya wilaya. Naomba iandikwe. Na sitakubali mtu yeyote, wa chama chochote, anipokonye ufiwa huu."

Tukapiga makofi mazito. Nikageukia upande walikokaa Wasefu.

"Watani mmesikia?"

"Tumesikia," wakasema.

Gaudensi akavua miwani, akanipa nimshikie, akaruka ndani ya kaburi la msumari na kulala chali. "Sitoki," akapiga kelele, "mpaka marehemu anirudishie jasho langu." Wasefu wengine wakaangua kilio cha uongo, kilio kibaya sijapata kusikia, wakabeba ngazi zao mabegani wakavuka barabara. Mmoja alikuwa anamwigiza marehemu: amenyoosha mikono, anapepea kuelekea kaskazini.

Mheshimiwa akawa anacheka nao vizuri tu, mpaka aliposikia msumari wa kwanza unang'oka.

"Bibi," akaniambia kwa sauti ya chini, "wale wanafanya nini kwenye banda langu?"

"Wanakupa pole, Mheshimiwa."

"Yale ni mabati ya..."

"Ya nani, mwanangu?"

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake. Uwanja mzima ukanyamaza kumsikiliza. Akisema ni ya mpango, yamefikaje juu ya gari lake? Akisema ni yake, basi ni mali ya mfiwa, na watani wamefika mahali pao. Akikasirika, ndiyo kabisa. Nilimwona akizunguka humo kichwani mwake, mlango baada ya mlango, yote imefungwa kwa nje. Basi akacheka. Alicheka kama mtu anayeng'olewa jino na shemeji yake.

Mabati ya buluu yakavuka barabara juu ya vichwa vya Wasefu. Walungwi wakapanda kupokea, Mwalimu Semkiwa wa kwanza, misumari mdomoni, hajawahi kupendeza vile. Huku wanagongea, huku matusi yanapaa: huyu anaambiwa anashika nyundo kama kijiko, yule anaambiwa kwao paa ni sufuria limepinduliwa. Bati moja la pembeni Wasefu walilipinda kwa makusudi, livuje kidogo, tusije tukawasahau. Watoto waliingia chini ya paa kabla halijamalizika. Vile vibao viwili wakaviacha nje, Waziri mmoja akitazama mbinguni na mwingine akinyooshea kidole mti.

Matone ya kwanza yakaanguka pale wanaposhuka ngazini. Yakagonga bati, na kelele yake ilikuwa kubwa hata mwalimu wa hesabu ikabidi afundishe kwa vidole.

Gaudensi akatoka kaburini, akajipangusa udongo, akachukua miwani yake kwangu na kishikwambi kwenye begi lake.

"Nilibakiza mtu mmoja," akasema. "Kiongozi wa wilaya. Bila yeye utafiti haufungwi."

Mheshimiwa Chamgeni alikuwa amesimama nyumbani kwake kati ya nguzo tupu. Gari lilikuwa na vioo wazi, viti vyake vya kitambaa vinakunywa mvua. Suti ilikuwa imemng'ang'ania mwilini, na kwenye ncha ya pua yake maji yalikuwa yanajikusanya, yanadondoka, yanajikusanya tena. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama barabarani, kimya, kwa adabu.

Gaudensi akanyoosha mkono.

"Habari za paa?" kikauliza kishikwambi.

Mheshimiwa akatazama juu. Akatutazama sisi. Mdomo ukafunguka, na kabla hajauwahi, malezi ya mama yake yakatoka.

"Nzuri," akasema, "ila..."

"Asante," kikasema kishikwambi.